Kitenzi Kimoja

Darasa la tatu, Mvumi, nilivikwa kibao shingoni,
kipande cha sanduku la sabuni kwenye kamba ya katani,
kwa kosa la kumwomba jirani kifutio
kwa lugha ya mama yangu.
Kibao hakivuliwi mpaka umpate mwingine.
Nikashinda nacho nimetega sikio
hadi Ndahani, kwa kiu, akateleza:
malenga, alisema.
Kwa Kiswahili huyo ni bingwa wa mashairi.
Kwetu ni maji tu, ya kunywa.
Nilimvisha mbio mbio.
Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kusikiliza watu.

Muhimbili nilisoma majina ya huzuni kwa Kiingereza,
pembeni mwa daftari nikayatafutia Kiswahili.
Sonona, kwa mfano. Neno safi, limevaa tai.
Sijapata kumwona mtu akililia ndani yake.
Dakta Rwechungura, msimamizi wangu, alisema:
andika kwa penseli kwanza,
mgonjwa hajamaliza kusema mpaka afike mlangoni.
Mama naye, kwenye simu, kila Jumapili:
Dawa hutoi, sindano huchomi.
Unalipwa kwa kukaa?

Nikarudi Dodoma msimu wa vumbi.
Utotoni, ukikosea hesabu, uliambiwa Mirembe inakusubiri.
Basi, ilikuwa inanisubiri kweli,
na meza yenye mguu mmoja mfupi
na kabati la mafaili lisilofungika.

Mama Sechelela alitoka Chipanga, upande wa Bahi.
Faili lake aliliandika mwenzangu, kijana wa Moshi,
mwandiko wake mzuri kama wa benki:
*Anasikia sauti ya mtoto aliyefariki. Kila usiku.*
Sindano imeshapangiwa tarehe.

Mbukwa, nikamwambia.
Akauinua uso polepole,
kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.
Mbukwa. Kumbe nawe una kwenu.

Nikarudia swali la safu ya tatu, kwa Kigogo.
Kwetu kitenzi ni kimoja,
sikio hukitumia, ngozi nayo hukitumia;
hata Kiswahili hakijasahau:
nasikia baridi, nasikia njaa,
nasikia harufu ya mlenda jikoni.
Akasema, namsikia hapa,
akaweka kiganja chini ya titi la kushoto,
pale maziwa yalipojaa saa ya kunyonyesha
wiki mbili baada ya mazishi.
Sauti? Akacheka kidogo, bila meno.
Sauti ningeitoa wapi, mwanangu.
Ningekuwa na sauti yake, ningelala.

Nikaufuta mstari mmoja.
Sindano ikaahirishwa, kisha ikafutwa.
Alirudi mara sita, mara ya saba hakuja;
alituma karanga kwenye mfuko wa sukari
na salamu ambazo mletaji alizisahau njiani.
Sijui kama analala.

Nilimsimulia mama. Akanyamaza, kisha:
Kwa hiyo wanakulipa kwa Kigogo.
Na kile kibao, mbona hawakukulipa?

Ningependa kuishia hapo.

Lakini Alhamisi iliyopita aliletwa mzee wa Kwa Mtoro,
Msandawe, viatu vya tairi, shati limefungwa hadi kooni.
Alisema kwa muda mrefu.
Ulimi wake ulipiga vidoko
kama matone ya kwanza juu ya bati,
akasimama, akaonyesha paa, akaonyesha shingo yake,
akakaa.
Mkalimani alikuwa bintiye, miaka kumi na moja,
sare ya shule, soksi moja imeshuka.
Anasema nini babako?

Binti alivitazama vigae.
Anasema yuko salama.

Nikaandika: yuko salama.
Mzee alikuwa ameshafika mlangoni,
mkono kwenye kitasa, hakifungui.
Nikaanza kupapasa mezani, chini ya mafaili,
kwenye droo, nikitafuta kifutio.